Sikio la Mchana, Sikio la Usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naiandika mara mbili, shikamoo tena, maana ya kwanza najua imekupita ukiwa bado unatafuta miwani. Kaa chini kwanza. Kama kuna chungu motoni, kiepue kabisa, kwa sababu barua hii ni ndefu na sitaki iunguze mboga ya mtu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au bado unaitazama tu kabatini ukidhani itakuponya kwa macho? Na yule jirani yako mwenye kuku wasiojua mpaka, mmeshapatana, au bado mnasalimiana kwa kukohoa?

Sisi huku tu wazima, wazima wa kuchoka. Mdogo ameota meno na anayajaribu kwa kila kitu, na kitu cha kwanza ni mimi. Baba yao yuko safarini na lori lake, akirudi leo kesho keshaondoka, lakini mzima. Na mjukuu na mke mwenza wako, Chiriku wetu, ndiye huyu anayenifanya nishike kalamu. Anaongea kama kawaida yake, tangu macho yafunguke mpaka yafungwe, na kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Ile vita yenu ya kiti haijasahaulika hapa nyumbani. Mpaka leo mtu akikikaribia kile kiti cha kona, mezani, pale ukutani, Chiriku anamwambia kwamba hicho ni chake, na Bibi akija ni cha Bibi, na Bibi akiondoka ni chake tena. Tulivyocheka siku zile, Mama! Mtu mzima na mtoto wa chekechea wanaviziana mlangoni nani aingie kwanza akakae. Baba yao alisema hajapata kuona wake wenza wanagombea kiti badala ya mume. Kumbuka kiti hicho, nitakirudia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, sisi na simu tunajuana. Mimi nikikuuliza umekula nini, wewe unanijibu kwamba hata huko kwenu mvua imenyesha. Nikikwambia mtoto ana homa, unasema nashukuru mwanangu, na wewe pia. Kisha unaniombea dua, unakata. Habari hii sitaki iishie kwenye mvua. Nataka uisome polepole, na ukifika mwisho uanze tena.

Ilianza na hedifoni. Usicheke. Kazi yangu unaijua, karakana ya sare za shule, cherehani za umeme safu kwa safu, zote zinanguruma kwa pamoja mpaka mtu mawazo yake mwenyewe hayasikii. Baba yao akiwa njiani hunitumia ujumbe wa sauti, kwa kuwa kuandika kunamshinda, kidole chake kimoja kinabonyeza herufi tatu. Mimi kazini nabandika simu sikioni nasikia shhh, na jina langu nusu, basi. Nyumbani nako nikifungua spika, mdogo anaamka. Na huyu mtoto Mama, kumlaza ni kibarua cha mchana kutwa, kumwamsha ni kupiga chafya tu. Nilikuwa na zile hedifoni za zamani za kuning'inia mlangoni mwa sikio. Nikiinama kwenye cherehani zinaanguka, siku moja nusura niushone waya wake pamoja na kola ya mtoto wa watu.

Nikaenda dukani kutafuta za kuchomeka ndani ya sikio, zile zenye vipira laini mbele. Muuzaji ni binti mmoja mwenye kucha ndefu za rangi, kila kucha rangi yake, na mdomo nao hauna likizo. Aliniuliza nataka za waya au zisizo na waya. Nikamwambia za waya, maana kitu kidogo kisicho na waya katika nyumba yenye mtoto anayetambaa hicho ni chakula. Akacheka, akaona tumefahamiana. Alinijaribisha moja baada ya nyingine, kila mara anapangusa vipira kwa pamba yenye spiriti, hilo nalimsifu. Nyingine zina kishindo, kama mtu anahamisha kabati kichwani mwako. Nyingine kali, kila neno lenye s linakuchoma. Nikamwambia mimi muziki sijauzoea sana, mimi namtafuta mtu anayeongea. Basi tukatumia sauti ya baba yao kuwa kipimo, nikachagua zile zilizomtoa akiwa yeye mwenyewe, si mwenye mafua wala si mtangazaji.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijimfuko cha vipira vingine, vikubwa na vidogo. Nikadhani ni vya akiba, kama kifungo cha ziada wanachoshonea ndani ya shati. Mama Pacha, yule ninayekaa naye jirani cherehani kwa cherehani, aliviona, akaviomba, akavivisha kwenye ncha za mikasi yake midogo ili isimtoboe mfuko wa aproni. Tukavisifu kweli. Na zile hedifoni, ya kulia ilikaa vizuri, ya kushoto ikawa inatoka yenyewe kama mgeni asiyeridhika na chai. Nikarudi dukani nimevimba, nimejiandaa kugomba.

Yule binti hakugombana. Aliniuliza tu vile vipira vingine viko wapi. Nikamjibu viko kwenye mikasi. Mama, alicheka mpaka akauegemea mlango, akamwita na mwenzake wa duka la pili aje asikie. Alipomaliza kujifuta machozi akanifundisha. Akasema hata miguu ya mtu mmoja haiko sawa, na fundi viatu analijua hilo, sembuse masikio ambayo hakuna anayeyapima. Huenda sikio moja likataka kipira cha kati, jingine likataka kidogo. Livute sikio lako juu kidogo kwa mkono wa pili, chomeka, zungusha taratibu, acha. Kisha sema neno. Ukiisikia sauti yako inavuma ndani ya kichwa kama unaongelea ndani ya tangi la maji, kimeziba. Ukiisikia kawaida, bado, badilisha. Na usilazimishe, kinachouma si chako.

Kesho yake nikaivunja ndoa ya vipira na mikasi. Mama Pacha alitaka fidia, nikamkatia vipande vya kifutio cha penseli, akaridhika. Nikaviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikavikausha, na wakati wa chai nikakaa palepale kwangu kuvijaribu, zamu nyingine inaendelea kushona. Kulia kile cha kati. Kushoto kile kidogo kabisa. Nikasema, haya. Tangi la maji.

Mama, sijui nikuelezeeje. Karakana ilifungwa kama mlango. Nawaona watu wanashona, mikono inakwenda, vitambaa vinakwenda, na kelele hakuna, imebaki kama nyuki walio mbali. Nikafungua ujumbe wa baba yao, ule ule niliokwisha kuusikia kwa spika ya simu, unaosema amefika salama tusimsubiri mwisho wa juma. Maneno nilikuwa nayajua kwa moyo. Lakini kumbe kabla hajalitaja jina langu anavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuinua gunia. Kumbe nyuma yake mvua inanyesha juu ya bati la lori, tone moja moja. Kumbe aliposema tusimsubiri, alinyamaza kidogo, akameza mate, ndipo akaendelea. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya simu yangu siku zote, nami nilimjibu sawa, safari njema. Chai ilipoa mkononi. Mama Pacha akaniuliza kama nimepata msiba, nikamwambia hapana, nimepata mume.

Siku ile nilirudi nyumbani najiuliza ni mangapi yanampita mtu kwa sababu tu ya kipira kisichokaa sawasawa. Sikujua swali hilo linanisubiri kwangu.

Sasa nikuhamishe kidogo nikupeleke chekechea. Mwalimu wa Chiriku alikuwa ameniita, si mara moja. Alisema mtoto ni mkaidi. Anaitwa haitiki, anaambiwa keti anasimama, anaulizwa jambo anajibu jingine. Wamemweka kiti cha mwisho, ubavu kwa ukuta wa kulia, ili apate kutulia, wala hatulii, anageuka geuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwalimu aliniambia mbele yake kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba asipobadilika, wenzake watakapopanda darasa yeye atabaki na watoto wadogo. Nilimwangalia Chiriku. Alikuwa anamtazama mwalimu mdomoni, anatabasamu, kama anayeangalia mtu anayekula.

Nilikulilia hata wewe kwenye simu, na baada ya mvua na dua ulinijibu kwamba mtoto wa kike ashikwe mapema. Nikamshika mapema. Unanijua Mama, kwangu neno ni moja. Nikimwita mara ya pili, mara ya tatu namfuata. Na kila nikimfuata, anashtuka, ananishangaa mimi mama yake nimetokea wapi.

Basi siku moja alasiri, mdogo kalala, baba yao akatuma hadithi. Alikuwa ameanza kumtungia binti yake hadithi ya lori dogo linaloogopa madaraja. Likifika darajani linasema tumbo linaniuma. Nikaona tuisikilize pamoja bila kumwamsha mdogo, sauti tukiiweka chini kabisa, maana hapo sina mchezo, masikio ya mtoto si ya kupigiwa kelele. Tukakaa kitandani, yeye mkono wangu wa kulia. Mimi nikachomeka moja katika sikio langu la kulia, la pili nikamchomeka yeye katika la kushoto, ndilo lililokuwa karibu yangu. Hadithi ikaanza. Mimi nacheka, yeye ananitazama. Akaniambia, Mama, hiki cha kwangu kimelala.

Nikajua ni kipira. Si nilishakuwa fundi wa vipira? Nikamwekea kile kidogo kabisa. Kimelala. Nikakipangusa. Kimelala. Nikakitia sikioni mwangu, kinaongea; nikakirudisha kwake, kimelala. Kesho yake nikaenda kwa yule binti wa kucha kumweleza, akanipa vipira vya watoto, vidogo kama punje ya mbaazi. Jioni nikakiweka, kimekaa vizuri kama jino kwenye ufizi. Nikamwambia aseme neno. Akasema, lori. Nikamuuliza umelisikia tangini? Akasema tangi lipi. Nikavuta sikio juu, nikazungusha hivi, nikazungusha vile, ulimi nje kama ninayetunga uzi kwenye sindano. Na yeye mwanangu ameinamisha kichwa, ametulia tuli. Mtoto ambaye wanasema hatulii! Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomgombeza yule binti kwa kuniuzia vipira vibovu.

Chiriku ndiye aliyechoka. Akakichomoa mwenyewe, akakipeleka upande wa pili, katika sikio lake la kulia. Kikaning'inia tu, hakikuziba kitu, na kipira chenyewe kilikuwa kidogo mno kwa lile tundu. Na papo hapo uso wake ukafunguka. Akapiga makofi. Akasema, Baba yuko huku! Tumbo linamuuma lori!

Nikamwambia na upande ule wa kwanza, mwanangu? Akanijibu kama anayenifundisha jambo la kawaida ambalo nimelisahau kwa uzee, kwamba hili ni sikio la mchana, na lile ni la usiku. La mchana la kusikia, la usiku la kulala. Kisha akaniuliza, la kwako la usiku lipi, Mama?

Niliketi sakafuni. Baadaye nikasimama nyuma yake akichora, nikamnong'oneza upande wa kulia, biskuti. Aligeuka kabla sijamaliza. Nikangoja akaendelea kuchora, nikaenda upande wa kushoto, nikanong'ona, biskuti mbili. Kalamu haikutikisika. Nikasema biskuti zote, boksi zima. Anachora madirisha ya lori.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona mtoto wangu, Mama, na sijaacha kushangaa mpaka naandika hapa. Kumbe ndiyo maana tukitembea lazima ashike mkono wangu wa kushoto. Nikimbadilisha, ananizunguka kwa nyuma anarudi palepale, nami nikidhani anacheza. Kumbe ndiyo maana anapoitwa anageuka kote kote kabla hajakuona. Kumbe anaongea kwa sauti kubwa apate kuwa na uhakika kwamba ameongea. Kumbe anamtazama mtu mdomoni kwa kuwa hapo ndipo maneno mengine anapoyachukulia. Na akitaka kulala, huulaza upande wa kulia wa kichwa chake juu ya mto, analifunika lile sikio la mchana, na dunia nzima inazimika. Mdogo analia mpaka majirani wanagonga ukuta, yeye amelala kama malkia. Nani alimfundisha? Mimi sikumfundisha, nilikuwa sijui. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba wenzake wana masikio mawili ya mchana. Alipewa moja akajenga nalo nyumba, akaweka milango, akaweka madirisha, na sisi sote tukawa tunapita nje tunamwita mkaidi.

Nikampeleka kwa daktari wa masikio, mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Alichungulia, akasema uchafu hamna, kidonda hamna. Akatuingiza chumba chenye mlango mnene, akamvisha Chiriku hedifoni kubwa kama vikombe, akampa shanga na kopo: kila ukisikia mlio, tia shanga moja. Kulia, shanga zinalia kwenye kopo kama mvua, hata kwa milio ambayo daktari alisema watu wazima wengi hawaipati. Kushoto, mtoto ameshika shanga hewani, amengoja, amengoja, anamtazama daktari kwa huruma, kama anayesema chombo chako nacho kimelala.

Daktari alinieleza bila kuzunguka. Lile sikio inaelekea halikuamka tangu kuzaliwa, na dawa ya kuliamsha yeye hana. Si kosa la mtu, si kichwa kigumu, si malezi. Lile la pili ni zima na lina nguvu, kazi yetu ni kulilinda: asitiwe vijiti, akiugua mafua asicheleweshwe, sauti isizidi. Na darasani akae mahali ambapo watu wote na mwalimu wako kulia kwake. Nilikwenda na habari hiyo chekechea asubuhi yake. Mwalimu alisoma uso wangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha hakumtuma mtu. Alikinyanyua kile kiti mwenyewe akakivusha darasa zima mpaka ukuta wa pili, akaketi juu yake kwanza, akatega sikio. Tangu siku hiyo sijaitwa. Juzi ameniambia Chiriku ndiye wa kwanza kuitika, na kwamba sasa tatizo ni kumnyamazisha. Habari ya kubaki na watoto wadogo imekwisha.

Sasa Mama, nimefika kwenye jambo lililonifanya nikuombe ukae chini.

Kabla hatujatoka, daktari aliniuliza kama katika ukoo kuna mwingine mwenye sikio la namna hiyo, maana mara nyingine linafuata damu, mara nyingine halifuati. Nikamjibu haraka kwamba hakuna, sisi kwetu ni watu wa masikio mazima. Chiriku alikuwa chini anaokota shanga. Akainua kichwa akasema, Bibi.

Nikamwambia usimsingizie Bibi. Akasimama, mkono kiunoni, unamjua, akamweleza daktari kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto: Bibi ukimnong'oneza huku, anasema eee mwanangu. Ukimnong'oneza huku, anacheka. Akaonyesha kwa kidole. Eee mwanangu, kushoto. Kicheko, kulia. Akaongeza kwamba ndiyo sababu mnagombea kiti kimoja, kwa kuwa kiti cha namna hiyo, cha kuweka watu wote upande wa kicheko, nyumba nzima ni kimoja tu.

Mama, nilimtazama yule mtoto, na ghafla nikaona nyumba yetu yote ya zamani. Nikakuona umelala, kichwa upande wa kulia, sisi tunapigana mito na wewe huamki. Nikakuona shambani, ofisini, harusini kwa watu, daima mwisho wa benchi, daima benchi lote liko kulia kwako. Nikamwona marehemu Baba. Baba aliyekuwa akitembea na wewe lazima awe kulia kwako, hata kama kulia ndiko kwenye tope, hata kama ndiko kwenye jua, na sisi nyuma tunamcheka kwamba viatu vyake havidumu. Alijua, sivyo? Kwenye zile picha zote yuko upande ule ule. Alikuwa amesimama penye sikio lako la mchana, miaka yote, wala hakumwambia mtu.

Na mimi nimesema. Huko ndiko kukiri kwangu. Daktari aliniangalia, nikamwambia ndiyo, yuko mama yangu, na akaandika. Jambo ulilolibeba tangu utoto bila kulitua mbele ya yeyote ila Baba, mimi nimelitua juu ya meza ya mgeni bila kukuuliza. Sijui kwa nini ulificha. Labda siku zile msichana mwenye kasoro alihesabiwa vibaya. Labda uliona likitajwa litakuwa ndilo jina lako. Labda hata wewe, kama mwanangu, ulidhani kila mtu ana la usiku, na ulipojua si hivyo ulikuwa umeshazoea. Kama nimekosea kusema, nisamehe, nipo chini ya miguu yako. Lakini kwa mtoto wangu ningesema tena.

Na sasa nisikilize, kwa mapenzi lakini kwa neno moja, kama ulivyonilea. Linalonitia hofu si lile la usiku. Ni lile la mchana. Ile mvua ya kwenye simu, Mama, si simu mbovu kama ulivyoniambia. Sikio lako moja limefanya kazi ya mawili maisha yote na sasa linachoka, nalo likilala huna jingine la kuamsha. Daktari anasema hilo laweza kusaidiwa. Alinionyesha kidude kidogo kinachokaa nyuma ya sikio, na mbele yake, usishangae, kuna kipira! Kipira laini, kwa saizi, kikubwa na cha kati na kidogo. Akaanza kunieleza kwamba lazima mtu apimwe apate kinachomkaa, nikamwambia daktari, hapo usichoke, vipira navijua. Kwa hiyo utakuja. Shemeji yako mwenye gari anakuja huku mwisho wa mwezi, nimeshamwambia atapitia kwako. Nitakaa nawe mimi mwenyewe, tutajaribu kimoja kimoja, na hakuna atakayekulazimisha kinachouma. Utasema neno moja, lolote, na utaniambia kama umelisikia tangini.

Sitamwambia mtu mwingine. Baba yao peke yake anajua, nilimtumia ujumbe wa sauti. Alinijibu, na kabla ya jina langu alivuta ile pumzi yake, akasema mwambie mama atakapokuja mimi nitakaa kulia kwake.

Barua imejaa na mdogo ameamka, meno yananitafuta. Nisalimie wote wanaoniulizia, msalimie na mwenye kuku, mpe mkono safari hii badala ya kikohozi. Lipake goti dawa. Chiriku anakusalimu na anasema sikio lako la usiku ni la kushoto kama lake, ujibu kwa barua kama ni kweli, maana simu kwako inanyesha.

Na lile jambo la kiti tumelimaliza. Jana nimeivuta meza kutoka ukutani, nimeileta katikati ya chumba. Inatuzuia kupita, tunajigonga mapaja kila saa. Lakini meza ikiwa katikati, kumbe ina viti viwili vya namna ile, kimoja upande huu na kimoja upande ule, kona kwa kona, na aliyekaa kimoja anamwona mwenzake usoni. Chiriku amevikalia vyote viwili kuhakikisha. Anasema kimoja chake, kimoja chako, na safari hii ukiondoka hatakaa juu yake.

Wako akupendaye, binti yako wa kwanza,
Mama Chiriku